Msukule Shambani kwa Mama

Ifakara neno uchawi halina likizo. Mama ntilie akimaliza sufuria lake la wali kabla ya adhuhuri, wenzake wanasema ana uchawi. Mwanaume akionekana anaanua kanga za mkewe, kalishwa limbwata. Kijana akipiga chenga mbili uwanjani, huyo mchawi, na hapo ni sifa. Mimi ni fundi cherehani, na mteja mmoja nilipomshonea gauni lililoficha tumbo aliniambia, "Fundi, wewe mchawi!" Nilitabasamu mpaka jioni. Nilikuwa nalipenda neno hilo, hadi lilipotua kwa mama yangu.

Mama analima mpunga kwenye kitongoji kimoja upande wa Mofu, na tangu baba afariki anaishi peke yake. Anayeujua mpunga wa bonde letu anajua kwamba kulima si kazi. Kazi ni kuamia ndege. Punje zikianza kutia maziwa, kweleakwelea wanakuja makundi kwa makundi, na mwenye shamba anapanda juu ya dungu tangu alfajiri, anapiga debe na kupayuka mpaka jua lizame. Mama ana goti bovu na ngazi ya dungu haiwezi tena. Sisi wanawe tulimshauri aache kilimo, tutamnunulia mchele. Alitutazama kama tumemtukana, na kweli tulikuwa tumemtukana.

Msimu ule ndege hawakugusa mpunga wake. Walikuwa wakiinuka kwake na kwenda kutua kwa jirani anayepakana naye, mama mmoja ambaye tangu utotoni namwita mama mdogo. Huyo alipayuka hadi sauti ikakauka. Asubuhi moja aliwahi shambani, upepo unavuma, akasikia katikati ya mpunga wa mama mguno wa kiume, mrefu na mzito. Hakusubiri wa pili. Aliliacha debe lake pale pale, pamoja na ndala moja.

Kufikia jioni kitongoji kizima kilikuwa na habari kamili: baba hakufa. Mkewe alimchukua msukule, kamweka shambani amlindie mpunga.

Niliposikia, niliwaka. Nilikodi bodaboda, nikafika nimejaa vumbi na matusi, nataka kwenda moja kwa moja kwa mtendaji. Mama alikuwa barazani anachambua mchicha.

"Kaa chini," akasema. "Ukienda kwa mtendaji watasema umetumwa na msukule."

Akacheka. Lakini niliona anatupa majani na kubakiza mashina.

"Jumamosi zamu ya jumuiya ni hapa kwangu," akasema baadaye. "Wasipokuja, mwanangu, basi tena. Nitaishi na nani hapa?"

Kwetu Wakatoliki, jumuiya ni majirani wanaosali pamoja kila wiki, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Nyumba ikikosa watu siku ya zamu yake, hakuna haja ya mtu kusema neno. Mwenye nyumba ameshaambiwa. Hasira zangu zote ziliisha, nikabaki na hofu tu.

Ndipo akanipeleka shambani. Mpaka uukaribie ndipo unauona: utepe mwembamba wa kahawia wa kanda za redio, umefungwa kwenye vijiti, umevutwa juu ya mpunga huku na huku. Upepo ukipita, unatetemeka na kunguruma. Zilikuwa kanda za baba, za dansi na za kwaya. Redio yenyewe ilikufa kabla yake, lakini kanda hakutaka mtu azishike, hata kuzifuta vumbi.

"Sasa kwa nini hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba mume wangu kafa juzi, nami nachana vitu vyake niwatishie ndege?"

Usiku ule alitafakari, na asubuhi akampigia simu mwenyekiti wa jumuiya: sala ya Jumamosi itakuwa shambani, na anayetaka kumwona marehemu aje. Nilidhani amechanganyikiwa.

Walikuja! Walikuja hata wale ambao jumuiya huwaona Pasaka kwa Pasaka. Umbea una nguvu kuliko kengele ya kanisa. Mama mdogo alijificha nyuma ya mwenyekiti, rozari kaizungusha mkono mzima. Tuliimba, tukasoma Injili, kisha mama akatangulia kwenye tuta na sisi tukafuata. Upepo ukaja, mpunga ukaguna. Wanawake wawili walitoka mbio. Mwenyekiti, mtu mzima na heshima zake, aliusalimia mpunga, "Tumsifu Yesu Kristo!"

Mama akamshika mama mdogo mkono, akauweka juu ya utepe. "Ndiye huyo."

Mama mdogo aliushika, unamtetemekea vidoleni. "Shoga," akasema, "hizi si zile kanda za bwana? Si ndizo alizokuwa anatufungulia tukipalilia?"

"Ndizo."

Akaanza kulia, na katikati ya kilio akacheka, na sisi wote tukacheka naye. Mama akafunua kikapu alichokuja nacho. Zilikuwamo kanda zote zilizobaki, akagawa, kila nyumba yake. Moja alichelewa kuiachia, akaigeuza upande huu na huu, kisha akampa mama mdogo. Mimi, nikiwa bado na kinyongo, nikanong'ona, "Mchawi mpe mwana amlee." Mama alinifinya, na alinifinya kweli.

Wiki hiyo hiyo mashamba yote ya kitongoji yakaanza kunguruma, na kweleakwelea wakahamia ng'ambo ya kijito. Siku ya kuvuna kwa mama nilikuwapo, na jumuiya yote ilikuwapo na miundu yao. Tukiwa tumeinama tunakata, wakatokea wazee wawili kutoka ng'ambo, nyuso zimekunjamana. Hawakuketi.

"Tumesikia huku mna msukule," mmoja wao akasema.

Mama akaacha kukata. Mama mdogo akanyoosha mgongo, mundu mkononi, akawatazama bila kupepesa.

"Shikamooni, wazee. Ndiyo, tunaye. Alikuwa wa huyu mwenzangu peke yake, akatugawia."