Florini Haiachilii

Mwalimu Édouard hufundisha kemia hapa Kalemie, mimi hufundisha Kifaransa chumba cha pili, na ukuta kati yetu ni mwembamba, kwa hiyo kemia nimeijua bila kupenda. Tangu mkewe Célestine afariki, sauti yake haipandi wala haishuki. Anasema, wanafunzi wanaandika, basi.

Wiki ile aliwauliza: kati ya florini na klorini, ipi ikishikana na hidrojeni hutoa asidi kali zaidi? Darasa zima likajibu florini, kwa kuwa ndiyo inayovuta elektroni kuliko zote.

"Hapana," akasema. "Inavuta sana, njo maana inashika. Asidi kali ni ile inaachilia hidrojeni yake upesi. Florini haiachilii. Inavuta mpaka hidrojeni ya molekuli ya jirani, zote zinashikana."

Jumapili akaja Jacob, kaka wa marehemu, kutoka Mpala. Kwao mtoto ni wa mjomba, na Elsa, binti wa Édouard na Célestine, sasa hana mama. Lakini desturi ina adabu yake: mjomba huomba, baba hukataa, mjomba huomba tena, na mtoto husikia jinsi anavyogombewa. Baba akishikilia, mjomba hurudi peke yake na hakuna anayeudhika. Baba asiyekataa amemtupa mwanawe. Mimi niliitwa niwe shahidi.

"Shemeji, nimekuja kumubeba mutoto wetu," Jacob alisema, akitabasamu.

Édouard alitazama sakafu.

"Shemeji, sema hata neno moja. Elsa anasikia."

"Mumupeleke," Édouard akasema, kwa sauti ileile ya darasani.

Jacob akanigeukia, uso umemshuka. Hata nafasi ya mtoto kwenye mtumbwi wa kurudi Mpala hakuwa ameitafuta. Nilitamani kumzaba Édouard kofi, maana najua anampenda yule binti kupita kiasi. Mtu kafa ganzi mpaka ulimi.

"Papa Elsa, kataa," nikamwambia.

Hakuinua macho.

Elsa aliingia ndani, akatoka na mfuko wake na viatu vya kanisani. Akampa baba yake mkono, kama wanafunzi wanavyofanya.

"Kwaheri, Mwalimu," akasema.

Pikipiki iliyowabeba Jacob na Elsa ilipopinda kuelekea ziwani, Édouard akaniuliza, "Mama Pélagie, kengele imelia?"

Nikamwambia leo hakuna shule. Akasema asante, akaanza kutafuta chaki.