Saini ya Mkuu Wangu

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuzuia seli zisife. Mimi ni mtoto wa Rasbura, Lindi, na nilikuwa mtafiti mdogo katika maabara moja Dar es Salaam. Tulikuza seli za hamsta, yule panya mdogo wa kufugwa. Seli hizo zinatengeneza protini ya kugandisha damu, dawa ya watoto ambao wakijikata damu haikomi. Shida yake, zikisongamana kwenye chupa, siku ya nane zinaanza kujiua. Kila seli inazaliwa na maagizo yake ya kufa.

Nilikata jeni moja inayobeba maagizo hayo. Seli zikaongeza siku moja, zikafa. Kumbe jeni ya pili ilikuwa inashika zamu ya mwenzake. Nikazikata zote mbili. Siku ya kumi na nne nilichungulia kwenye darubini nikazikuta ziko hai, duara, zinang'aa. Nililia pale pale kwenye kiti.

Mkuu wa maabara aliichukua grafu yangu ya umri wa seli hizo akaionyesha mkutanoni kwa jina lake peke yake. Mtu mmoja akamuuliza nani alifanya kazi ya mikono. Akaninyooshea kidevu nilipokaa, safu ya nyuma.

"Binti yule ananisaidia kuosha vyombo."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, na katikati ya kicheko hicho nikaapa kwamba atanilipa.

Niliomba likizo nikaenda Kitomanga, kwenye shamba la mama, kumsaidia kuvuna ufuta. Tulikuwa tunapura, makapi yametujaa kichwani, simu ikaita. Alikuwa mkuu.

"Seli zinakufa siku ya tisa," alisema. "Wageni wa kiwanda cha dawa wanakuja mwezi ujao. Nimekosea wapi?"

Nilijua papo hapo. Katika vichupa tulivyogandisha akiba, alikuwa ameyeyusha kile cha seli zilizokatwa jeni moja tu, kwa sababu aliiba grafu bila kusoma daftari langu la majaribio. Sentensi moja tu ingemwokoa.

"Hujakosea, mkuu. Zinahitaji muda wa kuzoea. Endelea hivyo hivyo."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

Mama aliacha kupura. "Mbona unacheka peke yako?"

"Mambo ya kazini tu, mama."

Siku ya wageni nilikuwa nimesharudi. Mkuu alitoa chupa kwenye kabati la joto, na ndani hamkuwa na kitu ila ukungu wa seli zilizokufa. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Msaidizi wangu ameziharibu."

Nilikuwa nalisubiri neno hilo. Nikafungua daftari langu. Kwa taratibu zetu, kila ukurasa mkuu alitia saini kuthibitisha kwamba amesoma. Kwenye ukurasa wa seli zile nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: jeni moja tu, zinakufa siku ya tisa, kichupa hiki kisitumike.

"Tusomee, mkuu," nikasema.

Alisoma mpaka mstari wa pili, akaacha. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akauliza saini ile ya bluu ni ya nani. Nikamjibu mimi, nikataja jina lake lote, na cheo chake, polepole.

Mle mle kabatini, rafu ya chini, nilikuwa na chupa ya seli zangu za jeni mbili, hai. Sikuitoa. Nilitaka wageni waondoke mikono mitupu, na wakaondoka. Mkuu akavuliwa cheo, mradi ukasimamishwa.

Nilipomhadithia mama, nilitegemea atacheka. Alikuwa anapepeta mchele uani Rasbura. Akaweka ungo chini.

"Na wale watoto wa damu?"

"Watapata dawa, mama. Kuna watu wengine wanaifanya kazi hiyo."

"Lini?"

Mama akauinua ungo, akaendelea kupepeta.

Mwaka huu chuo kimoja kimeniandikia kuniuliza habari za mkuu, ameomba kazi kwao. Ningeweza kukaa kimya. Nimewaandikia kila kitu alichonifanyia, kurasa mbili, na kila neno ni la kweli. Nimeituma barua asubuhi, kisha nikanywa chai yangu kwa raha ambayo sijaionja siku nyingi.