Kamba ya Mkonge Dukani

Hebu fikiria duka la runinga katika mji wa Wote, na mama mmoja anatoa kamba ya mkonge kwenye kiondo chake. Muuzaji alicheka. "Mama, runinga ya urefu huo bado haijatengenezwa!"

"Sipimi runinga, mwanangu. Huu ni umbali wa kutoka ukutani hadi kiti cha mzee. Masikio yake hayasikii tena, na habari zote mimi ndiye humpigia kelele. Nataka ajisomee."

Akashika ncha moja kwenye kioo. Mumewe, yule mzee mwenyewe aliyekuja naye, akarudi nyuma na ile nyingine hadi kamba ikanyooka, akakodolea macho maandishi yanayopita chini ya taarifa. Mbele ya runinga mbili alitikisa kichwa. Mbele ya ya tatu, midomo ikaanza kucheza.

"Mama watoto!" akapaza sauti, duka zima likageuka. "Umesikia? Mvua inakuja wiki ijayo!"

Mkewe alicheka hadi machozi, akamfanyia ishara aendelee kusoma.

Nami niliyekuwa nikiwatazama pale dukani, miaka yote ya ualimu wangu nilipanga madawati bila kuketi nyuma nione kama ubao unasomeka. Ukichagua kitu cha nyumbani, tafadhali kumbuka kwanza aliyeketi mbali.