Hatua Sabini za Futi

Kijiji kizima kilimwita Futi, na jina la kuzaliwa alibaki nalo kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa kupima mashamba kwa miguu. Hatua sabini huku, sabini kule, ekari imetimia, weka jiwe la mpaka, twende zetu. Miaka thelathini na tano hakuna aliyembishia, na angethubutu nani?

Kisha serikali ikaleta ruzuku ya mbolea. Pesa zinaingia kwenye simu ya mkulima, ila shamba lisipungue ekari moja. Likipungua, hupati kitu. Afisa kilimo akatumwa na kifaa cha kupimia, kidude cha mkononi, unazunguka nacho shamba kinakwambia ukubwa. Futi alikidharau. "Kinapima au kinabahatisha?" aliuliza, halafu akakifuata kutwa nzima, maana udadisi ulimwasha.

Ajabu ni kwamba mashamba aliyoyapima ujanani, kifaa kilikubaliana naye. Ya miaka ya karibuni kikayapunguza. Afisa, binti mpole, akasema labda ni mawingu yanakisumbua kifaa. Mawingu gani hayo yanayochagua mashamba mapya peke yake? Futi roho haikumtulia, kwani kesho yake ilikuwa zamu ya dada yake mdogo, mjane. Shamba lake Futi alilipima mwaka jana tu, na dada ameshapanda mahindi akiitegemea mbolea hiyo.

Asubuhi akaenda kwenye shamba la kwanza kabisa alilopima maishani. Akaanzia kwenye jiwe, akahesabu. Sabini ikatimia, jiwe la pili bado liko mbele. Akarudia. Akavua viatu, akarudia pekupeku. Zilibaki hatua kumi na moja zile zile. Akalichunguza jiwe, limezama ardhini, mizizi imelizunguka, halijahama hata kidogo. Akakaa juu yake, akaitazama miguu yake kwa muda mrefu. Kumbe hatua ndizo zilizofupika, na miaka yote hiyo yeye anahesabu tu.

Mchana, walipofika kwa dada, kifaa kikazima. Chaji imeisha.

"Si kitu, mzee," afisa alisema, akitoa kalamu. "Si wewe uliyepima? Nitaandika ekari moja."

Dada alikuwa pembeni ameegemea jembe, uso umemchangamka. Kunyamaza tu kungetosha, na Futi aliona aibu kwa jinsi alivyotamani kunyamaza.

"Usiandike, mwanangu. Halifiki. Na mengine niliyopima karibuni hayafiki. Kosa ni langu."

Afisa akarudisha kalamu mfukoni, akasema atakuja kesho na chaji, akaondoka.

"Na mbolea yangu?" dada aliuliza.

"Hakuna mbolea, dada'angu."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Alimwambia heri angekaa nyumbani na hesabu zake. Alimuuliza mtu anawezaje kukosea kazi aliyoifanya maisha yake yote. Futi alisimama ukingoni mwa shamba, akasema, "Tazama basi," akaanza kutembea, akihesabu kwa sauti.

Dada aliitazama ile miguu ambayo utotoni ilimbidi aikimbilie ili asiachwe. Kabla kaka yake hajafika ishirini, alimfuata, akamshika mkono.

"Kaka," alisema, "umezeeka lini bila kuniambia?"