Chumvi ya Ivuna Kwenye Ukuta wa Kibla

Swala ya alfajiri imekwisha na waumini wametawanyika, wengi wao madereva wanaowahi malori yao kwenye foleni ya mpakani. Ndani ya msikiti mkubwa wa Tunduma amebaki Kashinje Lukelesha, fundi wa plasta mwenye umri wa miaka sitini na moja. Amevua kofia ya swala, amejifunga kitambaa puani, na mikononi ana tindo na nyundo. Mbele yake ni shubaka la kibla, pale anaposimama imamu.

Hapigi. Anaiweka tindo ukutani, anaiondoa, anaiweka tena.

"Ukuta wote huu nimeubandua bila shida," anasema. "Shubaka ndilo linalonishinda. Hili alilipiga plasta mama Restuta kwa mikono yake."

Mama Restuta ni Enesi, mkewe, aliyefariki mwaka 2011 kwa saratani. Leo, miaka mitatu baadaye, kazi ya mikono yake inabidi ibanduliwe, na Kashinje ameomba aifanye mwenyewe.

Hakuna karatasi ya serikali inayosema hivyo, lakini hapa mjini wanauita Msikiti wa Taifa. Mwambie bodaboda jina hilo, atakupeleka bila kukuuliza upi. Limetokana na namna ulivyojengwa, kuanzia mwaka 2004: watu wa kila kona ya nchi wanaofanya biashara mpakani walileta kitu cha kwao. Milango ya mninga ilichongwa Pwani. Mawe ya msingi yalitoka Mbozi, na mazulia yalinunuliwa na wauza dagaa wa Kigoma.

Ukumbi hauna nguzo hata moja katikati. Waliochanga walitaka safu isikatwe, ili tajiri wa mahindi, kuli na mgeni kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wasimame bega kwa bega. Kuba ni pana na imeinama chini kidogo, ila mnara ni mrefu, na anayevuka kutoka Zambia huuona kabla hajaiona bendera. Tunduma ni mji wa wapita njia, kila mtu ana begi mkononi, na pengine ndiyo maana watu walitaka kitu kimoja ambacho hakiondoki.

Watu wa Ivuna hawakuwa na mninga wala mazulia. Walileta mchanga. Lori zima, wazee wamekaa juu yake, pamoja na dume la ng'ombe la kuchinja.

Sasa, Ivuna ni nchi ya chumvi. Watu huipika huko tangu enzi za mababu, na Kashinje anaijua, maana alikulia huko baada ya wazazi wake kuhama na mifugo kutoka Usukuma. Aliuchota mchanga ule kwa ncha ya kidole, akauonja.

"Nilijua," anasema. "Ulimi haudanganyi. Lakini utamwambiaje baba yako mdogo, aliyeshinda juu ya lori kutwa, kwamba sadaka yake haifai? Nikasema nitauosha."

Wakauosha kwenye mapipa, maji juu ya maji. Kashinje alipopendekeza uwekwe chini ya sakafu, wazee wakanuna. Baba yake mdogo akamwuliza, "Mwanangu, unataka kutuzika? Sisi tukija kusali tunataka tuuone mchanga wetu." Basi fundi akaupa ukuta wenye heshima kuliko zote, ukuta wa kibla. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo, na kweli siku ile alitunzwa: wazee walimpa paja zima la lile dume.

Shubaka lilikuwa na balaa lake. Lina mviringo, na kila mwiko wa chuma ulipopita uliacha michirizi. Mafundi watatu walijaribu wakashindwa. Enesi alikuwa amewaletea chakula. Alikuwa Mnyiha wa Nanyala, Mmoraviani, na aliolewa na Kashinje bila kubadili dini. Aliweka sufuria chini, akatazama, akacheka.

"Msukuma wa watu," akamwambia mumewe, "kwetu mwanamume hasiribi nyumba. Sasa naona sababu."

Kwa Wanyiha kusiriba ni kazi ya wanawake. Mwanamke hulowesha kiganja, hupapasa ukuta kwa mzunguko, kisha husugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka ukuta ung'ae. Enesi aliomba ajaribu. Wapo walioguna, mwanamke tena Mkristo, kwenye kibla! Imamu, Sheikh Swalehe Mwampashi, aliwanyamazisha.

"Niliwaambia huu bado ni mjengo, haujawa msikiti," anakumbuka sheikh. "Halafu nikawaambia, kama ni wa taifa, basi Mnyiha na mkono wake yumo."

Kazi ilimchukua juma zima. Saruji ilimbabua viganja, akawa analala amevipaka mafuta ya ng'ombe. Alipomaliza, shubaka lilikuwa laini kama bakuli, na jua la asubuhi likipenya mlangoni, mizunguko ya kiganja chake ilionekana yote, juu hadi chini.

Chumvi ilianza kutoka msimu wa pili wa mvua. Kwanza unga mweupe karibu na sakafu, kisha rangi ikavimba na kubambuka. Kashinje alikuwa anakuja kila alfajiri kuufuta, bila malipo, huku akiishi kwa vibarua vya shilingi elfu kumi na mbili kwa siku mtaani. Hakuna aliyemlaumu usoni. Yeye alijilaumu.

Mkewe alipofariki, ukuta ukawa kitu kingine kwake. Akawa anawahi safu ya mbele, nyuma ya imamu.

"Najua anayeswali hatakiwi kutazamatazama," anasema, macho chini. "Mungu atanisamehe. Nilikuwa natazama mkono wake."

Mwaka huu kamati iliamua plasta yote ya ukuta ule itolewe. Kashinje aliomba shubaka liachwe. Sheikh hakumkatalia. Alimwambia, "Wewe ndiye fundi, ligonge mwenyewe, halafu utuambie."

Akaligonga kwa mpini wa mwiko, kama agongavyo ukuta wowote. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito. Hii iliitika kama debe tupu, mahali pote. Siku yoyote ingemwangukia imamu kichwani. Kashinje alienda kwa sheikh akasema neno moja, "Litoke," akaenda nyumbani. Siku hiyo hakula.

Ndiyo maana asubuhi hii anasitasita. Restuta, bintiye anayeuza mchele sokoni, amekuja na chupa ya chai. Amesimama mlangoni, viatu mkononi.

"Baba, nikusaidie?"

"Hapana, mama. Kaa tu hapo."

Anapiga kwanza kwa juu. Vipande vinaanguka. Anashuka taratibu mpaka kimo cha bega la mwanamke, mahali mizunguko ilipokuwa mizuri zaidi. Hapo alipanga kutoa kipande kizima, kikubwa kama sahani, akiweke nyumbani. Anakichimba pembeni kwa uangalifu, anakikinga kwa kiganja, kinatoka. Kabla hajageuka kumwonyesha bintiye, kinavunjika, na kilichobaki mkononi ni unga wenye chumvi.

Kashinje analia. Halii kwa kujificha. Restuta anakuja, anamshika mkono uleule wenye unga, wanakaa sakafuni.

"Mama angekucheka," Restuta anasema. "Angesema, Msukuma, ukuta ni ukuta."

"Angesema hivyo kweli," anajibu Kashinje, na anatabasamu kidogo.

Hapo ndipo Restuta anamkumbusha jambo ambalo ndugu wa Nanyala wamelinung'unikia miaka mitatu: kaburi la mama yake bado ni tuta la udongo. Fundi amepiga plasta nusu ya Tunduma, mkewe hana hata tofali moja. Wengi wamedhani ni uchoyo.

"Sikuwa mchoyo," Kashinje anamwambia mwandishi. "Nilikuwa na shubaka. Nilimwona hapa kila siku, kwa hiyo kule sikuwa na haraka. Tena nilijua nikishalijenga lile, ndiyo basi, nimekubali kwamba hayupo."

Sasa atalijenga, mvua zikiisha. Mchanga atauchota Mto Songwe, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Restuta anamwuliza kama wachanganye humo hata konzi moja ya unga huu wa mama. Kashinje anautazama mkononi, kisha anaukung'uta.

"Utaliharibu," anasema. "Nitasiriba kwa kiganja, bila mwiko. Halitanyooka, najua. Mkono wangu haujawahi kuufikia wa mama yako, lakini ndio uliobaki."