Maji ya Towelo Niliyoyanywa Mwenyewe

Kwanza nitenganishe mambo mawili. Yanayosimuliwa huko Mazimbu, kwamba askari wa uwanja wa ndege walinishika kwa kugombania bomba, nimeyasikia tu kama mlivyoyasikia ninyi, na hakuna askari aliyenigusa. Niliyoyaona kwa macho yangu ndiyo haya, na nakiri kwamba yana aibu ya kutosha bila kutiwa chumvi.

Binti yetu Zuhura alikuwa anarejea baada ya kusoma ng'ambo miaka sita. Mama yake, ambaye magoti hayamruhusu tena safari, alijikongoja hadi kwenye chemchemi yetu kule Towelo, akajaza chupa ya lita moja na kunikabidhi. "Baba Zuhura, anywe haya kabla hajashika mkono wa mtu. Unajua tunavyompokea msafiri."

Nilifika Dar es Salaam mapema mno (furaha ilikuwa imeninyima usingizi), ndege ikachelewa, koo likakauka. Dukani maji yalikuwepo, ila mimi, mwalimu mstaafu wa sayansi, siamini maji nisiyojua yalikotoka, na mkononi nilikuwa na maji ninayoyajua hadi jiwe yanapochomozea, basi nikaamua kunywa funda moja. La pili lilikuwa la kuhakikisha ladha, la tatu sina maelezo yake, na ubao ulipoonyesha kwamba ndege imetua, nilikuwa nimekumbatia chupa tupu.

Nikatoka mbio, umri wangu huu. Dereva mmoja wa teksi akaniambia kuna bomba la maji ya kunywa nyuma ya vyoo.

"Umewahi kuyanywa?"

"Hapana mzee, watu wanasema."

Nikamwacha hapo hapo. Kwenye bomba nikamkuta mama mmoja wa usafi, akasema yeye huyanywa kila siku.

"Kunywa nikuone."

"Shikamoo baba. Kwani nimeshtakiwa?"

Watu wakaanza kujaa. Akakinga kiganja, akanywa, akajifuta mdomo. "Haya hakimu, nisomee hukumu." Wakaangua kicheko, nami nimeinama najaza chupa, suruali imelowa magotini, ndipo kipaza sauti kikataja jina langu kamili, kwamba binti yangu ananitafuta.

Nilirudi mbio, na yule mama nyuma yangu na ndoo yake, akitaka kuona mwisho wa kesi. Zuhura akanyoosha mikono, "Shikamoo baba," nami badala ya mkono nikampa chupa. Akanywa nusu, akafumba macho.

"Maji ya nyumbani, baba. Miaka sita nayaota." Tayari alikuwa amempigia mama yake, sauti wazi kila mtu asikie. "Mama, nimeyatambua."

Nyuma yangu ndoo ikakohoa, au mwenye ndoo. Maisha yangu yote nimewakatalia watu maneno yasiyo na ushahidi, na sasa neno la uongo lilikuwa linaelekea Towelo kwa ukimya wangu.

"Marahaba, mwanangu. Ya Towelo nimeyanywa mimi. Hayo ni ya bomba la nyuma ya vyoo."

Kisha simu ikauliza, "Hata funda moja hukumbakizia mtoto?" Kicheko kilichofuata nadhani kilifika kwenye ndege.

Tangu siku hiyo sibebi maji ya mtu bila kubeba yangu pembeni. Wapo wanaosema Zuhura alilia, wengine kwamba alicheka. Alikuwa amenigeuzia mgongo, uso wake sikuuona. Nililoliona ni kwamba aliinua ile chupa tena, akamaliza maji yote, ndipo akanipa mkono.