Kikombe, Kisahani, Sahani

Kwa miaka tisa Maximilla Kavetsa amepigiwa risasi juu ya kichwa kila siku ya kazi, na hakuna aliyemkusudia ubaya. Yeye hukaa ndani ya shimo la shabaha, mtaro wa zege uliochimbwa chini ya kilima cha udongo upande wa Kiplombe, ambako kikosi kimoja cha walinzi huja kufanya mazoezi. Risasi hupita juu na kutoboa karatasi iliyo kwenye fremu. King'ora kikilia, Maximilla huishusha karatasi, huhesabu matundu, huyaziba kwa viraka na gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe nyumbani, kisha huipandisha ikatobolewe upya. Watu wengi Eldoret hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila hawapewi fremu.

Kazi kama hiyo humfanya mtu ama asinzie ama adadisi. Maximilla alidadisi. Rula ilikuwa imepotea tangu mwaka wake wa kwanza, kwa hiyo alipima kwa vyombo vya chai. Matundu matano yakifunikwa na mdomo wa kikombe, huyo amelenga. Yakihitaji kisahani, si haba. Yakihitaji sahani ya ugali, heri aliyelengwa kuliko aliyesimama kando. Alijua pia kwamba tundu la kwanza mara nyingi hukaa peke yake, pembeni, kama mgeni aliyewahi harusi. Mzee Mulongo, fundi wa bunduki, ndiye aliyemweleza sababu: risasi ya kwanza huingizwa kwa mkono, zinazofuata huingizwa na bunduki yenyewe, na mkono na chuma havina mwendo mmoja.

Mulongo alikuwa na karakana ya mabati karibu na shimo, na birika lisilopoa. Alizitunza bunduki zile ndefu za mbao, za zamani kuliko makuruta wanaozibeba. Zote za kikosi zilikuwa za kujipakia zenyewe, kila risasi ikingoja kidole, lakini umbo lilitofautiana. Ile ndefu ilikuwa nzito, na mtutu wake umekumbatiwa na mbao. Ile fupi vyuma vyake vimelegea kwa makusudi, ili tope lisiikwamishe. Ile mpya, nyeusi na nyepesi, mtutu wake haukuguswa na kitu chochote mbele.

"Ni kama milango," Mulongo alimwambia. "Mlango uliolegea unafunguka hata mvua ikinyesha. Uliobana unafunga vizuri, lakini unataka adabu."

"Na upi unalenga, Mzee?"

"Mlango haulengi, Mama Edinah," alisema, akimwita kwa jina la bintiye kama kawaida. "Kunywa chai."

Julai hii, katikati ya mvua, agizo lilikuja: zilinganishwe bunduki tatu, itakayoshindwa iondolewe. Zile ndefu zikiondolewa, fundi wake angeondoka nazo mwisho wa mwezi. Hilo Inspekta Kipkemboi, mkuu wa kikosi, alimwambia Mulongo kwa upole sana, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

Jumatatu walipiga. Ile mpya ikapata kikombe. Fupi, kisahani. Ndefu, sahani nzima, na tundu moja likatoka mezani.

"Mzee wako amekwisha," alisema Njambi, mwenzake wa shimoni, akikoroga gundi. "Mwambie aanze kuuza hilo birika."

Maximilla alikuwa akitazama karatasi. Baada ya miaka tisa alizijua risasi za watu kama mwalimu anavyojua miandiko. Karatasi za bunduki mpya zilikuwa na mwandiko wa wakubwa tu. Za ndefu zilijaa matundu ya chini kulia, ya kuruta anayeshtuka kabla ya kishindo. Basi alielewa. Bunduki ziliwekwa mezani, walinzi wakaitwa kwa vyeo, kila mmoja achague. Wakubwa walichukua mpya. Makuruta walichukua zilizobaki. Kikosi kilikuwa kimelinganisha vyeo kwa uangalifu mkubwa na kuandika kwamba ni bunduki.

Alipanda juu akiwa na unga mikononi.

"Afande, zile karatasi si za bunduki. Ni za watu."

Kipkemboi alimtazama. "Wewe Mama, umewahi kushika bunduki?"

"Hapana, afande. Lakini nimeziba risasi zako miaka tisa. Ukiwa na hasira zinapanda juu."

Makuruta waligundua ghafla kwamba kamba za viatu vyao zinahitaji kufungwa. Kipkemboi akauliza, "Unataka nini?"

"Kila mtu apige na zote tatu."

Jumatano walipiga hivyo. Kuruta Phineas, ambaye Jumatatu alikuwa ametawanya kama mtu anayelisha kuku, alishika ile mpya akapata kikombe na ukingo kidogo. Fupi ilimpa kila mtu kisahani, mkubwa kwa mdogo, bila upendeleo. Halafu Inspekta mwenyewe akalala chini na ile ndefu, akatulia, akapiga tano.

Maximilla aliishusha karatasi. Kikombe hakikutosha. Kisahani hakikutosha. Akaiweka sahani, akatamani iwe kubwa zaidi, kisha akatamani angekuwa amenyamaza. Jumatatu Mulongo angeweza kulalamika kwamba ameonewa. Sasa hata hilo alikuwa amemnyang'anya.

Alimpelekea karatasi karakanani.

"Sasa nitafukuzwa kwa haki," alisema Mulongo. "Umenisaidia."

"Pole, Mzee."

Lakini Mulongo hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anayatazama matundu: yote yamelala mstari mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Hii si ya kushtuka," alisema.

"Hapana. Afande hashtuki. Kitu kinamsukuma pembeni."

Mulongo alichukua bunduki, akajaribu kupitisha karatasi kati ya mbao na mtutu. Haikupita. Akachukua nyingine. Haikupita. Akaketi kwenye ndoo.

"Mbao za kwanza zilioza," alisema taratibu. "Nikaweka zangu. Za blugamu, huu mkaratusi wa Soy. Zilikuwa zimebana vizuri, Mama Edinah, kila ukaguzi nasifiwa. Blugamu!"

Kila fundi wa vitanda wa mtaa wa West Indies, Eldoret, anajua blugamu ikinywa mvua hujipinda na kusukuma kilichoshikana nayo. Mulongo naye alijua. Ila hakuwa akitengeneza kitanda.

"Hakuna mwingine anajua," alisema Maximilla.

"Wewe unajua." Akachukua randa. "Na mimi nataka kuona."

Alikwangua mbao ya bunduki moja mpaka karatasi ikapita bila kugusa, akaibeba mwenyewe hadi kwa Inspekta. Kipkemboi akapiga tano. Shimoni Maximilla alijaribu kisahani kwanza, kwa tahadhari. Kisha kikombe. Kikombe kikafunika matundu yote matano, hata lile la kwanza.

Alipopanda na karatasi, Kipkemboi alikuwa na kalamu mkononi. "Niandike tatizo lilikuwa nini?"

"Andika fundi," alisema Mulongo.

Inspekta aliandika. Kisha akahesabu bunduki zilizowekwa blugamu, zikawa thelathini na moja, na akauliza nani anaweza kuzirekebisha zote. Wote wakamtazama Mulongo. Kosa lilihitaji mtu anayejua kila mahali lilipofanywa, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Mulongo akaongezewa miezi sita, pamoja na barua ya onyo.

"Basi, Mama," Kipkemboi alimgeukia Maximilla, "katika hizo tatu, ipi inalenga zaidi?"

Maximilla alifikiri kwa dhati. Mpya na ndefu zote zilikuwa zimeingia kikombeni. Fupi ilibaki kwenye kisahani, lakini mpaka asubuhi ile hata ndefu ilikuwa imebaki kwenye sahani.

"Bado sijui, afande," alisema. "Ile fupi nayo, fundi wake ni nani?"